Du Bois: Msomi Aliyehoji Hesabu za Bima Nyumba kwa Nyumba

Na Mwandishi Wetu

Jina la William Edward Burghardt Du Bois hutajwa sana katika Afrika Mashariki panapozungumziwa historia ya Umajumui wa Afrika. Alikuwa miongoni mwa walioongoza vikao vya Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika uliofanyika Manchester, Uingereza, mwezi Oktoba 1945, mkutano uliohudhuriwa pia na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana ni ile ya ujana wake, alipokuwa mtafiti wa kuhesabu watu, nyumba na vifo, na kwa kazi hiyo akahoji hesabu ambazo kampuni kubwa za bima nchini Marekani zilizitumia kuwalipa Weusi pungufu au kutowaandikisha kabisa.

Sehemu hiyo inastahili kukumbukwa kwa sababu swali alilolishughulikia bado lipo mezani katika nchi nyingi. Je, kanuni ya bima inayompa mtu nafasi au kumnyima kwa kuangalia mahali anapoishi, au hadhi ya ukazi wake, inaweza kuwa ubaguzi wa rangi hata kama neno rangi halikuandikwa popote?

Kuzaliwa na elimu

Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari, 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, Jimbo la Massachusetts, takriban miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika na utumwa kufutwa. Alilelewa na mama yake baada ya baba kuondoka nyumbani yeye akiwa bado mtoto mchanga. Mama huyo alifariki mwaka 1885, na mwaka huohuo, kwa msaada wa michango ya makanisa ya nyumbani kwao, kijana huyo alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Fisk kilichopo Nashville, Jimbo la Tennessee. Huko ndiko alikoishi kwa mara ya kwanza chini ya sheria na desturi za ubaguzi za majimbo ya Kusini.

Baada ya Fisk alijiunga na Harvard, na kuanzia mwaka 1892 hadi 1894 alisoma Berlin, Ujerumani, ambako walimu wake wa uchumi walisisitiza kwamba sera ya nchi haina budi kutanguliwa na ukusanyaji makini wa takwimu za maisha ya watu. Mwaka 1895 alitunukiwa Shahada ya Uzamivu na Harvard, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo chuoni hapo.

Mchango sawa, malipo tofauti

Wakati Du Bois akisoma, biashara ya bima ya maisha ilikuwa imekwishaingia katika nyumba za watu wa kipato cha chini. Wakala alipita kila wiki mlangoni kukusanya senti chache, na mchangiaji alipofariki familia ilipewa fedha zilizotosha kwa mazishi na mahitaji ya siku za mwanzo za msiba. Kwa familia za Weusi zilizotoka utumwani bila ardhi wala akiba, bima hiyo ilikuwa tofauti kati ya kumzika marehemu kwa heshima na kumwacha azikwe na manispaa katika makaburi ya mafukara.

Mwaka 1881 Kampuni ya Bima ya Prudential ilitangaza kuwa watu wazima Weusi wataendelea kutoa mchango wa wiki uleule wanaotoa Wazungu, lakini malipo baada ya kifo yatapunguzwa kwa theluthi moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihesabu, kwamba Weusi hufa mapema zaidi.

Hatua hiyo iliamsha upinzani katika mabunge ya majimbo. Mwaka 1884 Bunge la Massachusetts, kwa hoja iliyowasilishwa na mjumbe Mweusi kutoka Boston, Julius Chappelle, lilipitisha sheria ya kuzuia kampuni za bima ya maisha kutofautisha wateja kwa rangi. Sheria hiyo ilitaka pia kwamba, mwombaji Mweusi akikataliwa, kampuni itoe cheti cha daktari kuthibitisha kuwa sababu ni afya yake na si rangi yake. Majimbo mengine, yakiwemo Connecticut, Ohio na New York, yalifuata mkondo huo katika miaka iliyofuata.

Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa na watunga sheria. Baadhi ya kampuni, ikiwemo Prudential, zililipa sawa pale sheria ilipolazimisha, lakini ziliacha kuwatafuta wateja Weusi. Mawakala hawakutumwa tena katika mitaa yao. Kwa kuwa bima hiyo iliuzwa mlangoni, mtaa usiopitiwa na wakala ulikuwa mtaa usio na bima. Rangi iliondolewa katika karatasi, na anwani ikashika nafasi yake.

Ili kuipa sera hiyo msingi wa kitaalamu, Prudential ilimwajiri mwaka 1894 mtakwimu mzaliwa wa Ujerumani, Frederick L. Hoffman. Mwaka 1896 Hoffman alichapisha kitabu kinene kilichodai kuwa vifo vingi vya Weusi vinatokana na asili yao ya kimwili na kimaadili, na kwamba wako katika njia ya kutoweka. Kitabu hicho kilichapishwa na Chama cha Wanauchumi cha Marekani, hivyo kikasomwa kama sayansi.

Kata ya Saba, Philadelphia

Mwaka huohuo wa 1896, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa Du Bois mkataba wa muda kuchunguza hali ya Weusi katika jiji la Philadelphia. Alikuwa na umri wa miaka 28 na alikuwa amemwoa Nina Gomer miezi michache kabla. Hakupewa nafasi ya kufundisha. Wenzi hao walihamia katika Kata ya Saba, palipokuwa na idadi kubwa ya Weusi jijini, wakaishi katikati ya watu aliotakiwa kuwachunguza.

Du Bois aliandaa madodoso mwenyewe na kuyajaza mwenyewe. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba katika kata hiyo iliyokuwa na wakazi Weusi zaidi ya 9,000, akiuliza umri, kazi, kodi ya nyumba, idadi ya vyumba, maji, vyoo, magonjwa na michango katika vyama vya kuzikana. Alichora ramani ya kata akionesha hali ya kila nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1899 katika kitabu The Philadelphia Negro, kinachohesabiwa miongoni mwa tafiti za awali za sosholojia ya miji nchini Marekani.

Katika kitabu hicho Du Bois hakuficha kwamba vifo vya Weusi vilikuwa vingi kuliko vya Wazungu. Alichofanya ni kuzigawa takwimu hizo kata kwa kata. Kata ya Tano, yenye makazi duni na usafi mbovu kuliko nyingine, ilikuwa na kiwango cha juu kabisa cha vifo vya Weusi. Kata ya Thelathini, yenye nyumba nzuri na mitaa safi, ilikuwa na kiwango cha chini kabisa au kilichokaribia kuwa hivyo. Watu walikuwa wa rangi moja katika kata zote mbili. Kilichotofautiana ni nyumba, maji na hewa.

Hoja hiyo ilivunja mnyororo mzima wa Hoffman. Kama kifo cha mapema kinatokana na makazi mabovu, na kama makazi hayo yanatokana na kodi za kuumiza, ajira za kibaguzi na wenye nyumba kukataa wapangaji Weusi katika mitaa mingine, basi kampuni inayopunguza malipo kwa sababu ya rangi inamwadhibu mtu mara ya pili kwa hali ambayo hakuitengeneza. Na kampuni inayokataa mtaa mzima kwa kigezo cha anwani inafanya jambo hilohilo kwa mlango wa nyuma.

Du Bois aliona pia upande wa pili wa tatizo. Familia zilizokwepwa na kampuni kubwa ziliangukia mikononi mwa vikampuni vidogo vilivyotoza senti nyingi kwa kinga ndogo, na mara nyingi aliyeshindwa kuchangia wiki chache alipoteza yote aliyokwishatoa.

Jibu kwa Hoffman

Mapema mwaka 1897 Du Bois alichapisha uhakiki wa kitabu cha Hoffman katika jarida la kitaaluma. Alionesha kuwa viwango vya vifo vilivyotajwa kuwa dalili ya udhaifu wa Weusi vilikuwa sawa na vya miji ya Wazungu kama Naples, Belfast na Madrid, na mahali pengine vilizidiwa na miji hiyo. Hakuna aliyedai kuwa watu wa miji hiyo walikuwa njiani kutoweka.

Aliendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Atlanta, Jimbo la Georgia, alikohamia mwaka 1897 kufundisha na kusimamia mfululizo wa tafiti za kila mwaka. Ripoti ya mwaka 1906 ilihusu afya na maumbile ya Wamarekani Weusi, na ilihitimisha kuwa tofauti za vifo, hasa vya kifua kikuu, zinaelezeka vya kutosha kwa mazingira ya maisha. Ripoti ya mwaka 1907, iliyohusu ushirika wa kiuchumi, ilirekodi vyama vya kusaidiana na kampuni ndogo za bima zilizoanzishwa na Weusi wenyewe.

Kwake, takwimu hizo hazikuwa namba tupu. Mwezi Mei 1899 mtoto wake wa kwanza, Burghardt, alifariki Atlanta kwa dondakoo akiwa hajatimiza miaka miwili. Madaktari Weusi walikuwa wachache mno mjini humo, na milango ya matibabu ya Wazungu ilifungwa kwa watu wa rangi yake. Wazazi walimsafirisha mtoto hadi Great Barrington na kumzika huko.

Sheria isiyotaja rangi

Mwaka 1905 Jimbo la Georgia lilianza kutekeleza sharti kwamba kila chama cha bima kiweke amana ya Dola 5,000 serikalini. Sharti lilikuwa na sababu ya maana, kwani vyama vingi vilikuwa vikikusanya michango na kushindwa kulipa. Halikutaja rangi ya mtu yeyote. Hata hivyo, vyama vya kuzikana vya Weusi, vilivyoendeshwa na wachungaji wa makanisa kwa senti za waumini, ndivyo vilivyokuwa katika hatari kubwa ya kufungwa, kwa kuwa waanzilishi wake hawakuwa na mtaji wala mahali pa kukopa.

Chama kimojawapo kiliokolewa na Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1858 na kutajirika kwa kazi ya unyozi mjini Atlanta. Alikinunua kwa Dola 140, akaweka amana iliyotakiwa, kisha akakiunganisha na vyama vingine vidogo. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa Kampuni ya Bima ya Maisha ya Atlanta. Mwezi Julai mwaka huohuo Herndon alikuwa miongoni mwa waliokutana na Du Bois Fort Erie, Kanada, kuanzisha Vuguvugu la Niagara lililodai haki sawa za uraia. Miaka minne baadaye Du Bois alishiriki kuasisi NAACP, na kuanzia mwaka 1910 hadi 1934 alihariri jarida lake, The Crisis.

Kampuni kama ya Herndon ziliziba pengo, lakini hazikuondoa kigezo cha makazi. Katika miaka ya 1930 shirika la Serikali Kuu ya Marekani lililoshughulikia mikopo ya nyumba liliandaa ramani za miji zilizopakwa rangi kulingana na kiwango cha hatari, na mitaa ya Weusi kwa kawaida ilipakwa nyekundu. Kukataa au kubana huduma kwa mitaa ya aina hiyo kulionekana pia katika bima za nyumba. Mwaka 1968, baada ya ghasia katika miji mingi, jopo lililoteuliwa na Rais lilibaini kuwa wakazi wa maeneo ya katikati ya miji wanakosa bima ya mali zao kwa sababu ya mtaa, bila kujali hali ya nyumba ya mhusika. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwezesha mipango maalumu ya bima kwa maeneo hayo.

Uraia wake mwenyewe

Katika uzee wake Du Bois alionja nguvu ya hati na hadhi ya ukazi. Mwaka 1951 alishtakiwa kwa kutojisajili kama wakala wa nchi ya kigeni kutokana na harakati zake za amani. Mahakama ilimwachia huru, lakini Serikali ya Marekani ilimnyima hati ya kusafiria hadi mwaka 1958.

Mwaka 1961 alihamia Ghana kwa mwaliko wa Rais Nkrumah ili kusimamia uandishi wa ensaiklopidia ya Afrika. Marekani ilipokataa kuongeza muda wa hati yake ya kusafiria, alichukua uraia wa Ghana mwanzoni mwa mwaka 1963. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti, 1963 akiwa na umri wa miaka 95. Siku iliyofuata, taarifa ya kifo chake ilitangazwa mbele ya maelfu ya watu waliokusanyika Washington katika maandamano makubwa ya kudai haki za kiraia. Mjane wake, mwandishi Shirley Graham Du Bois, alichapisha baadaye kitabu kuhusu maisha ya Mwalimu Julius Nyerere.

Yaliyofuata katika sheria

Du Bois hakuishi kuona sheria zikilipa jina jambo alilolipima Philadelphia. Mwaka 1965 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, unaotazama lengo la kanuni na pia athari zake. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Griggs dhidi ya Kampuni ya Umeme ya Duke, iliamua kuwa sharti la cheti cha sekondari na mitihani lisilohusiana na kazi inayofanywa ni kinyume cha sheria likiwaengua Weusi kwa wingi, hata kama mwajiri hakuwa na nia mbaya. Mwaka 1976 Uingereza iliingiza katika sheria yake ya ubaguzi wa rangi dhana ya ubaguzi usio wa moja kwa moja.

Kuhusu hadhi ya ukazi, kamati inayosimamia mkataba wa mwaka 1965 ilieleza mwaka 2004 kuwa kutofautisha watu kwa uraia au hadhi ya uhamiaji ni ubaguzi iwapo kigezo hicho hakina lengo halali au kinazidi mahitaji ya lengo hilo. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Khosa, iliamua kuwa wakazi wa kudumu wenye asili ya Msumbiji waliokimbia vita hawawezi kunyimwa ruzuku za ustawi wa jamii kwa sababu tu si raia. Shauri hilo lilihusu ruzuku za Serikali, si bima, lakini kanuni yake inagusa mfuko wowote wa kinga ya jamii.

Msingi huo haumaanishi kuwa kila sharti la makazi ni haramu. Mfuko wa bima unapaswa kuwajua wanachama wake, na nyumba iliyopo bondeni ina hatari halisi ya mafuriko. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kuwa sharti linapima hatari halisi au linakidhi haja ya kweli, kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo, na kwamba mzigo wake hauwaangukii watu wa asili moja bila sababu ya kutosha.

Kwa Tanzania, Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza ubaguzi kwa misingi inayojumuisha utaifa, rangi na pahali mtu alipotokea. Wakati nchi ikitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, mwananchi au mkazi anayekataliwa huduma ya bima ana haki ya kuomba sababu kwa maandishi, na malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni ya bima yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Sababu iliyoandikwa inaweza kupimwa na kuhojiwa, kama Du Bois alivyozihoji hesabu za Hoffman akiwa na madodoso aliyoyajaza katika milango ya Kata ya Saba.